Siku Niliyopima Maziwa ya Mama Mwende

Chekeni sasa mmalize, maana aibu hii nikifika katikati mkaanza kunicheka sitaweza kuendelea.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa msaidizi wa maabara, na mkubwa wangu, Daktari, alikuwa akiunda kijiti cha kioo chenye waya uendao kwenye kisanduku: unakichovya kwenye maziwa, mshale wa kisandukuni unakuonyesha kama yamechacha au kama muuzaji ametia magadi kuficha uchachu (ujanja huo ulikuwepo, msibishe). Kazi yangu ilikuwa kukiosha. Kukiosha tu! Lakini kwetu mtaa wa Jericho majirani waliniita Daktari na mimi nikaitikia.

Jumamosi moja nikakibeba nyumbani bila ruhusa, ati nikajaribu maziwa ya mtaani, na kwa haraka vikombe vya maabara nikaviacha. Nikasema aah, kikombe ni kikombe, nikaokota kimoja cha bati mlangoni pa jikoni, nikaenda nacho moja kwa moja kwenye foleni ya Mama Mwende, mjane aliyetuuzia maziwa kwa mkebe kila asubuhi. Akanimiminia kidogo, tena kwa heshima. Nikachovya kijiti. Mshale ukaruka upande wa magadi ukang'ang'ania huko, na hapo mtu mwenye akili angepima tena, lakini mimi, foleni nzima ikiniangalia, nilikohoa kwanza.

"Mama, haya yametiwa magadi."

"Magadi? Mimi?" Mama Mwende akashika kifua, akanigeukia. "Ngai, Mungu wangu! Baba Wafula, watoto wangu wanakula kwa mkebe huu!"

"Kumbe ndio maana wangu anaharisha!" jirani mmoja akapaza sauti, akamwaga yake kwenye mtaro, mwingine akamfuata, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuwaeleza habari za mshale kama niko darasani.

Ndipo mke wangu akatokea mlangoni petu, hatua chache kutoka kwenye foleni.

"Baba Wafula! Hicho kikombe mbona umekichukua? Nimekisugua na jivu, nangoja maji ya mfereji yarudi nikisuuze!"

Nikachungulia ndani. Chini kabisa, jivu la kijivu limeganda. (Jivu nalo huuvuta mshale upande ule ule wa magadi, jambo nililolijua vizuri sana, ila kichwa kilikuwa kimevimba.) Mama Mwende alifuta kijiti kwa kitambaa chake safi, akajaza kipimo chake mwenyewe, akanisogezea. Mshale ukatulia pale pale maziwa mazuri yanapotulia.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na jina la Daktari likaisha asubuhi ile, nikawa Bwana Jivu mpaka tulipohama. Hilo nilistahili. Kilichoniuma ni kwamba kesho yake foleni ilikuwa nusu. Nikaanza kuwa wa kwanza kila siku, nikinywa kikombe kizima hadharani, mabichi hivyo hivyo, nikisema kwa sauti kwamba kosa lilikuwa langu. Wengine walirudi. Jirani yule wa mtaroni hakurudi kamwe, alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akaniambia, "Lakini wewe mwenyewe ndiye ulisema magadi."

Tangu siku hiyo sijawahi kupima kitu cha mtu mbele ya watu, na nikipima hupima mara tatu, mlango nimefunga. Mama Mwende alinisamehe mapema kuliko nilivyotaka. Mimi bado.