Njia ya Ng'ombe Kwenye Ziwa Letu

Nakumbuka asubuhi ambayo ng'ombe wa Mzee Parmuat walifika kwenye ua wa nyanya za baba yangu wakasimama. Siikumbuki kwa uchungu, mwanangu. Uchungu uliisha zamani, na wale waliokasirika siku ile karibu wote tumeshawazika. Nakuhadithia kwa sababu umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ziwa, na nimesikia Jumamosi mtapiga kura kuhusu kuifunga njia ya ng'ombe kwa geti. Mimi sina kura, kwa sababu ploti zangu niliwagawia watoto. Niko na mdomo tu, na huo bado hamjauwekea geti.

Hili mnaloliita ziwa, sisi tuliliita silanga. Jina la ziwa lilikuja na mabango ya kuuza ploti. Kabla ya silanga palikuwa na bonde la nyasi, na maji ya mvua yalipita hapo siku chache yakaenda zake. Likaja tingatinga, likasukuma udongo mpaka ukawa ukuta, na mvua iliyofuata maji yakakaa. Bonde hilo lilikuwa malisho ya Mzee Parmuat, mahali pazuri kuliko pote alipokuwa napo. Aliyatoa mwenyewe yafunikwe na maji, na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kila mnyama mwenye kiu anywe. Hakuna aliyeliandika. Siku hizo jambo likishasemwa mbele ya wazee, watu walienda nyumbani wakijua limekwisha.

Sisi tulikuja baadaye. Baba alitoka upande wa Nyeri, kwenye boma ambalo shamba liligawanywa kwa wana mpaka likabaki la kupanda kahawa chache na kuzitazama. Alinunua kipande kando ya silanga, upande ule barabara ya kutoka Isinya inapoteremkia. Mzee Parmuat ndiye aliyetupokea. Siku ya kwanza alileta maziwa, mama akampa viazi, na kwa muda mrefu ujirani wetu ulienda hivyo. Baba alijifunza kusema "sopa", salamu ya Kimaasai, kwa lafudhi iliyowachekesha watoto wa Kimaasai, naye Mzee Parmuat alikataa katakata kujifunza kula kunde.

Watu waliongezeka. Pakawa na duka, kisha kanisa la mabati, kisha shule. Wakulima wakanunua mashine za kuvuta maji, na akina mama wa soko la Kitengela wakawa wanakuja na pikapu kubeba sukuma na vitunguu. Palikuwa mahali pazuri pa kuishi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nilikuwa msichana aliyemaliza shule na nisingejua kulinganisha.

Kisha kikaja kiangazi kirefu. Maji yalianza kurudi nyuma, na yaliporudi yaliacha udongo mweusi, laini, ambao hata ukichomeka kijiti utadhani kitaota. Mtu mmoja akapanda sukuma hapo. Zilipostawi, kila mtu akaingia. Maji yakisogea, nasi tunasogeza majembe. Na kwa sababu ya mbuzi, kila mmoja alizungushia kipande chake ua wa matawi ya miiba.

Sikiliza vizuri hapa. Hakuna mtu aliyeamua kuifunga silanga. Baba alifunga kipande chake tu, jirani naye akafunga chake tu, na yule wa mbele vilevile. Siku moja nyua zikakutana. Tulikuwa tunapishana pale kila asubuhi na mitungi yetu, tunasalimiana, na sidhani kuna aliyeona kwamba maji yote yalikuwa ndani na dunia yote iko nje.

Wakati huo Mzee Parmuat hakuwepo. Alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, upande wa Namanga, kutafuta nyasi. Nyasi za huko zilipokwisha na maji yakaisha, aliwageuza akarudi nao akijua kuna silanga inawangoja. Walipofika mbavu zilikuwa zinaonekana. Walifuata barabara waliyoizoea mpaka ikaishia kwenye nyanya zetu.

"Sopa, Baba Njoki," alisema. Njoki ndiye mimi.

"Ipa, Mzee. Pole na safari." Baba alikuwa na furaha ya kweli kumwona, halafu akawaona ng'ombe, akaelewa Mzee anaomba nini. "Mzee, jaribu kupitia ile upande ingine."

"Nimezunguka yote. Kila mahali ni miiba."

"Hii nyanya iko karibu kuiva. Mwenye kununua anakuja Alhamisi. Ningojee tu hiyo Alhamisi, nitafungua mwenyewe."

"Mimi nitangoja," Mzee Parmuat alisema. Akawatazama ng'ombe wake. "Hawa ndio hawajui Alhamisi."

Baba akamshauri awapeleke Isinya kwenye bomba. Mzee akasema hawatafika, na baba hakubisha kwa sababu kila mwenye macho aliona. Ndipo Mzee Parmuat akaweka fimbo yake chini, akaketi mavumbini.

"Tangu tutoke Namanga nimewaambia hapa kuna maji," alisema. "Sasa wewe waambie hakuna. Mimi siwezi."

Usimwone baba yangu mtu mbaya. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Nyanya hizo zilikuwa mabati ya mama, na mama alikuwa ameshachagua hata upande wa dirisha. Mimi mwenyewe nilizimwagilia kwa mitungi mpaka viganja vikawa vigumu. Baba alifanya ambalo watu wengi hufanya wanapotakiwa kusema neno gumu. Alinipa fimbo.

"Njoki, simama hapa uwazuie. Mimi naenda kunywa chai."

"Hapana, Baba Njoki," Mzee Parmuat alisema bila kupandisha sauti. "Sio huyu msichana. Hii nyanya ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi simama wewe."

Baba alisimama. Angeweza kwenda, hakuna aliyemshika. Alichukua fimbo mkononi mwangu akasimama mbele ya ua wake, ng'ombe upande huu na maji nyuma yake. Ng'ombe akisikia harufu ya maji halii kama anavyolia siku nyingine, na hawa walilia hivyo mbele ya uso wake. Jua likapanda. Watu wa vipande vingine walikuja wakachungulia, wakakumbuka kazi zao wakaondoka. Nilimwonea baba huruma kuliko nilivyowaonea ng'ombe, nakuambia ukweli. Nilitaka afungue, na nilitaka mabati, vyote kwa pamoja.

Ng'ombe mmoja mwekundu alisogea mpaka karibu na fimbo ya baba, akapiga magoti, akalala ubavu. Baba alimtazama kwa muda. Kisha akaitupa fimbo, akageuka, akaanza kung'oa matawi ya miiba kwa mikono mitupu, damu ikimtoka, na hakutaka tumsaidie. Ulipopatikana mwanya alisimama kando akasema, "Kunyweni basi."

Mzee Parmuat na vijana wake walijaribu kuwapitisha kwa mstari. Nani angewazuia? Walipita juu ya nyanya zote. Yule mwekundu alinyweshwa kwa ndoo yetu, akaamka jioni.

Ningependa kukuambia wazee wale wawili walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Nyanya zilikwisha, hakuna aliyemlipa baba, na mama alilia. Mabati tuliyapata baadaye sana. Kwa muda baba hakumsalimia Mzee Parmuat, na maziwa hayakuja kwa sababu ng'ombe hawakuwa nayo. Hata hivyo, nyua za wengine zilianza kulegea moja baada ya nyingine, usiulize kwa nini, maana hakuna aliyekuja kuwaamuru.

Ng'ombe walipopata nguvu, Mzee Parmuat alikuja na wazee wengine wakaanza kupanga mawe. Waliweka mstari huku na mstari kule, nafasi ya kundi linaloteremka kupishana na linalopanda, kutoka barabarani mpaka pale chini kabisa ambapo maji hubaki mwisho. Mstari mmoja ulipita ndani ya shamba letu. Baba aliwatazama kutoka mlangoni. Halafu akatoka, akabeba mawe pamoja nao, naye aliyaweka ndani zaidi kuliko walivyoomba. Tuliendelea kupanda kwenye udongo mweusi kila kiangazi, lakini katikati ya mawe yale hakuna aliyewahi kutia jembe.

Hiyo ndiyo njia mnayotaka kuifunga. Siwalaumu. Mmejenga nyumba za roshani, Jumapili kuna maboti na watu wa kupiga picha, na mavi ya ng'ombe kwenye kiatu cheupe si jambo dogo. Wageni wenu wanaleta kazi hapa, na wajukuu wangu wanakula kutokana nao. Lakini wengi wenu mmelijua ziwa hili likiwa limejaa. Wajukuu wa Mzee Parmuat wanapita na ng'ombe wao, nanyi mnaona usumbufu tu wala hamwoni kiu, kwa sababu siku hizi wana visima na hawaji kila siku. Visima navyo hukauka.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mnapoamua jambo la ziwa, amueni mkilifikiria siku lilipo dogo kuliko siku zote, na mfikirie ni nani atakuwa amesimama nje siku hiyo. Kama ni uchafu, safisheni njia. Kama ni harufu, pandeni miti pembeni. Na kama mwisho wa yote mtaona ni lazima muwe na geti, basi msimwajiri askari. Wewe mwenyekiti, kaa hapo mwenyewe. Likija kundi lenye kiu, liambie wewe kwa mdomo wako, ukiwa umelitazama. Ukiona huwezi, utakuwa umejua jibu la kura yako kabla ya Jumamosi.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba yangu, ambaye Mzee Parmuat alimwita Enkai, akupe mvua kwa wakati wake. Akupe majirani wa kukuambia ukweli wakiwa wameketi chini. Na siku utakapofika wewe mahali ukiwa na kiu, umkute mwenye maji yuko hapo mwenyewe.