Kabichi za Ubatizo

Kanisa letu la Nkoma lilikuwa na madirisha makubwa ya vioo, na vioo vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya buluu. Ilipakwa zamani ili wapita njia wasituchungulie tukisali. Kwa hiyo saa sita mchana, jua la Mbale likipasua mabati, sisi ndani tulikuwa tumewasha taa zote kama vifaranga wanaotunzwa kwenye boksi. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa nikisali humo tangu nilipovuka mpaka kutoka Kenya kuja Uganda kuuza vipuri vya magari, na nilidhani ubuluu ule ni sehemu ya imani.

Mambo yalianza mchungaji alipotoka Jinja, kwenye semina ya kutunza uumbaji iliyoandaliwa na kanisa rafiki la huko. Jumapili iliyofuata aliuliza ni nani kati yetu anayeacha bomba likimwaga maji huku anapiga mswaki. Hakuna aliyeinua mkono, maana wengi wetu tulipiga mswaki kwa kikombe.

"Watu wa Jinja wana mto Naili nyuma ya nyumba," alisema, "na bado wanafunga bomba. Sisi tuna nini?"

"Tuna mlima," akajibu mzee mmoja kutoka nyuma.

Baada ya ibada mchungaji aliniita pembeni. Alitaka mtu wa kusimamia taa na maji, na alikuwa ameamua ni mimi.

"Kwa nini mimi, mchungaji? Sijui umeme, sijui mabomba."

"Unajua Kiswahili, dada. Hapa mtu akiambiwa kwa Kigisu azime taa, atauliza kwa nini. Akiambiwa kwa Kiingereza, atasema kamati ikae. Kwa Kiswahili atazima."

Nilicheka, lakini alikuwa na hakika. Wazee wetu walikijua Kiswahili kupitia kwa wanajeshi, miaka ile ya utawala wa kijeshi ambayo neno moja la Kiswahili mlangoni lilitosha kuwatoa watu wote nje mikono juu. Jumatano nikamkuta mpiga kinanda akifanya mazoezi peke yake chini ya taa zote, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima taa, bwana."

Aliruka. "Ndiyo, afande! Mimi nazima yote!"

Tangu siku hiyo nikawa Afande, hata kwa watoto wa shule ya Jumapili. Nilijisikia vibaya kidogo, na kwa kiasi fulani nilijisikia vizuri.

Tulianza na madirisha. Vijana walikwangua rangi kwa nyembe na mabaki ya misumeno, na Jumapili iliyofuata jua liliingia kanisani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Lilikuwa jambo la kutisha. Tuliona utando wa buibui uliokuwa umefunga pembe zote. Tuliona kwamba joho la kwaya, ambalo wote tulikuwa tukiliita jeupe, lilikuwa na rangi ya chai. Shemasi mmoja aliyesifika kwa kufumba macho katika maombi marefu alionekana amelala, mdomo wazi. Mama mmoja alimtazama mumewe aliyekaa kando yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi madhabahuni, "Kumbe umezeeka hivi!" Lakini taa zilikaa zimezimwa, na hakuna aliyetaka kuzirudisha. Watu walisoma zaburi bila kukunja uso.

Kisha tukafika kwenye maji. Sisi tunabatiza kwa kuzamisha, na nyuma ya madhabahu kuna birika la saruji linalomeza maji kama ngamia. Zamani lilijazwa kwa bomba, na baada ya ubatizo kizibo kilivutwa, maji yakaenda mtaroni. Tukafunga mifereji kwenye paa ili mvua ijaze tangi, na tangi lijaze birika. Mchungaji hakutaka hata maji yaliyotumika yapotee. Tukachimbia bomba la kutolea maji mpaka kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa, akina mama wakapanda kabichi.

Wa kwanza kuzamishwa kwa maji ya mvua alikuwa fundi viatu wa Namatala. Mtaa mzima ulimjua, kwa sababu mara nyingi alishinda njaa akalala na waragi, ile pombe kali ya huku. Hata hivyo alikuwa mtu mnene sana. Alipozama, nusu ya maji ilitoka birikani ikalowesha viatu vya mchungaji. Alipoinuka alilia kama mtoto, nasi tukaimba, mimi nikavuta kizibo, na maji yaliyobaki yakashuka taratibu kwenda kwa kabichi.

Kabichi zile zilikua kwa namna isiyo ya heshima. Zilifika ukubwa wa kichwa cha mtoto, zikapita ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, na bado ziliendelea. Watu walikuja kuzitazama baada ya ibada. Hapo ndipo jaja, kama akina bibi wanavyoitwa huku, mama mzee aliyeongoza sala za alfajiri, alipotoa neno lililotuharibia kila kitu.

"Yule mtu aliingia kwa maji na dhambi," alisema, akielekeza fimbo yake kwenye kabichi. "Alitoka bila dhambi. Sasa dhambi ilienda wapi?"

Wote tuligeuka kuzitazama kabichi.

"Dhambi ya waragi imeingia kwa kabichi," alimaliza.

Kufikia Jumanne habari zilikuwa zimeshafika Busiu, nje kabisa ya mji. Mtu mmoja aliapa kwamba ile kabichi iliyo karibu na mdomo wa bomba inanuka pombe. Mwingine aliapa kwamba mbuzi aliyekula majani yake alionekana akipepesuka. Mchungaji alihubiri kwamba maji ni maji, kwamba dhambi si uchafu wa kwapa, na kwamba anayesafisha si mvua. Watu waliitikia "Amina" kwa nguvu, na hakuna aliyechuma hata jani moja.

Mtu pekee aliyekuwa akizila ni jirani yetu Mwislamu, mzee mwenye bucha, niliyempelekea chache mwanzoni kabla ya maneno. Siku moja alikuja ofisini kwa mchungaji, kofia mkononi, mimi nikiwepo.

"Bwana mchungaji," alisema, "nakuuliza kwa heshima. Nimeambiwa kabichi zile zimenyweshwa maji yenu ya ubatizo. Nimekula mimi, wamekula watoto. Je, tumeshabatizwa?"

Mchungaji alifikiri, maana swali liliulizwa kwa moyo wa kweli. "Hapana, mzee. Ubatizo hauingii kwa njia ya tumbo."

"Alhamdulillahi," alisema jirani, akavaa kofia yake. "Basi niongezeeni mbili, maana zilikuwa tamu." Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini nisameheni, ndugu zangu. Sisi tunatawadha kwa kopo moja. Nyinyi mnamzamisha mtu mzima, tena yule fundi viatu!"

Kisha zikaja habari kwamba wenzetu wa Jinja wanakuja kuona kazi yetu, na mchungaji alikuwa amewaahidi chakula cha shambani kwetu. Nilikwenda jikoni kuwapa akina mama maagizo. Mpishi mkuu alisimama wima, mwiko ubavuni kama bunduki.

"Afande, taa nitazima. Bomba nitafunga. Dhambi, sipiki."

Hata Kiswahili kilikuwa na mpaka wake. Nikapika mwenyewe, kwa nyanya na vitunguu vingi na nyama kidogo kutoka kwa jirani, nikilia kwa moshi na kwa hasira.

Wageni walifika, wakasifu madirisha, wakasifu tangi, wakakaa mezani. Sufuria ya kabichi ikawekwa katikati. Watu wetu wakapakua matoke, wakapakua wali, wakaruka kabichi. Wageni waliona wenyeji hawagusi, wakarudisha vijiko. Kiongozi wao, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna ugonjwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo fundi viatu akainuka kutoka benchi la mwisho. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye neno muda wote huo. Tulijadili dhambi zake mbele yake kana kwamba yuko safarini. Alikuja mpaka mezani, akachukua sahani, akapakua kabichi ikawa kilima.

"Watu wanasema dhambi yangu iko hapa," alisema. "Kama iko, ilikuwa yangu kwanza. Mimi naijua. Haiwezi kunifanya kitu tena."

Akala amesimama. Alikula polepole, akitafuna sawasawa, huku chumba kizima kikimtazama kooni. Nami nikaona aibu kwa niaba yetu sote, kwamba tuliyaamini maji kuliko tulivyomwamini yule mtu aliyetoka ndani yake. Alipomaliza, alimgeukia jaja.

"Jaja, imepungua chumvi tu."

Jaja akasukuma sahani yake mbele. "Niwekee kidogo," alisema. "Sehemu isiyo na shina."

Baada yake walikuja wote, na sufuria ilibaki ikikwanguliwa. Mama wa miwani alikula mara mbili bila kujua alikuwa anakula nini. Nilimweleza baadaye, nikimsindikiza garini, akashika mlango kwa kicheko hadi dereva akadhani anaumwa.

Miezi michache baadaye nilikwenda Jinja kuwatembelea. Walikuwa wametega maji ya birika lao vilevile, wakapanda vitunguu, na vilikuwa vimenawiri kweli. Nilirudi Mbale nikiwa na furaha. Wiki iliyofuata mama wa miwani akanipigia simu.

"Dada, tuna shida na vitunguu," alisema. "Kila anayevikata analia. Wazee wanasema ni toba inatoka, na sasa wanataka wavikate wao tu."

Nilimwambia avikatie ndani ya maji ili visimlize mtu. Akauliza, kwa uzito wote, "Maji gani?"