Disketi Arobaini na Sita za Shangazi

Shangazi alikuwa na kifua cha kutunza siri. Katika mtaa ule, ambako ukikohoa chumbani kwako asubuhi, mchana unaletewa dawa na mtu usiyemjua, hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya kompyuta yake kwenye chumba cha mbele, akiwaandikia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kumsihi mke arudi, za kumwambia mume asithubutu kurudi. Mtu alikuja na maneno yamemkaba kooni, yeye akayapanga yakasomeka. Kila barua aliihifadhi kwenye disketi, na juu ya disketi hakuandika jina la mtu, ila tarehe tu. Hakuna neno lililowahi kuvuka kizingiti cha chumba kile. Ndivyo alivyolelewa, na ukoo wake haukuwahi kutajwa kwenye umbea ila kwa kukosa habari za kutoa.

Sasa alikuwa amestaafu, na mtoto wa kaka yake alikuwa anahamia pale na mke wake siku ya Jumamosi. Chumba kilihitajika. Kompyuta nayo haikuwa kitu cha kusukumia mvunguni: kioo chake kilikuwa na kisogo kirefu kuliko uso, na kasha lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Shangazi, hii mpe mtu wa vyuma chakavu," alisema mpwa wake. "Simu yangu hii inaishinda mara elfu."

"Na tangu umalize shule hiyo ni simu yako ya ngapi?"

Mpwa alihesabu kwa vidole, akafika cha tano, akairudisha simu mfukoni.

Shangazi alianzia shuleni kuitafutia kompyuta mahali. Mwalimu mkuu alifurahi mno. Alisema ataiweka kwenye kabati la vioo, wanafunzi wajionee vitu vya kale.

"Vya kale?" Shangazi alisimama. "Mwalimu, nimeinunua wewe umeshaoa na una watoto wawili. Basi na wewe tukuweke kabatini."

Alitaka kompyuta yake ipate kazi. Kuitazama hata paka anaweza.

Alhamisi asubuhi akaja mama fundi wa tarizi, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na swichi ya kuzimia. Alikuwa anahema.

"Dada yangu, niokoe! Kompyuta yangu imeungua. Mashine yangu ya kutarizi inasoma disketi tu, haijui kitu kingine. Nina beji mia tatu za shule, na bila kompyuta ya kuiwekea michoro kwenye disketi, nimekwisha."

Moyo wa Shangazi uliruka. Kazi hiyo! Tena kazi ya heshima.

"Ichukue," alisema. "Hata leo."

"Mungu akupe maisha marefu! Na disketi nazo, dada. Hazipatikani tena madukani. Unazo?"

Hapo furaha ya Shangazi ikaingia maji. Alikuwa nazo arobaini na sita, na ndani yake ulilala mtaa mzima na aibu zake. Kuzikabidhi kwa Redio ilikuwa sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Kumnyima, beji mia tatu zinalala, na kompyuta inaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Jina alilolijenga kwa miaka ishirini na miwili lingeweza kubomoka kwa asubuhi moja.

"Utazipata," alisema. "Lakini zitoke hapa tupu. Nazifuta zote, moja moja, bila kuzifungua."

"Nakaa nikusaidie."

"Kaa. Mikono magotini."

Disketi ya kwanza iliingia, kompyuta ikakereza kama mtu anayetafuna mahindi makavu, dakika mbili nzima. Ya pili. Ya tano. Redio alikuwa anajinyonganyonga kwenye kiti.

"Dada, moja tu. Tuchungulie mistari miwili, tucheke, tufute."

"Hapana."

"Basi ile ya jirani mwenye kofia. Watu wanasema alimwandikia—"

"Watu wanasema. Mimi sisemi."

"Kweli una roho ngumu! Sasa mtu anakaaje na utamu wote huo ndani ya..." Redio alikatika katikati ya sentensi, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa. Macho yake yalitua kwenye rundo lililobaki. "Dada. Ile barua yangu. Ya kumkubali mume wangu. Imo humu?"

"Niliandika tarehe tu. Sijui iko ipi."

"Miaka yote hii anajua niliitunga mwenyewe! Kila tukigombana hunikumbusha ule mstari wa mwisho, anasema mwanamke mwenye maneno yale hawezi kuwa mbaya." Akasogeza kiti. "Futa, dada yangu. Futa haraka. Nikupokeze zinazofuata?"

Kuanzia hapo alifanya kazi kama kibarua wa zamu, wala hakuuliza habari za kofia ya mtu.

Ijumaa mume wa Redio, fundi seremala, alikuja na mkokoteni wakaihamisha kompyuta hadi kibandani kwa mkewe, juu ya meza aliyoichonga usiku kucha. Iliwaka mara moja. Redio akaandaa mchoro, disketi ikaingia kwenye mashine, na sindano ikaanza kukimbia. Shangazi alitazama ngao ya buluu ikichipuka kwenye kitambaa, na machozi yakamlengalenga.

Seremala aliona kelele za mashine zimetosha kuifunika sauti yake. Akamwinamia Shangazi sikioni.

"Shemeji, nasikia disketi zimefutwa. Na ile yangu ya posa? Mke wangu huwatambia wenzake kwamba hakuna mwanamume anayejua kupanga maneno kama mimi."

Shangazi alimtazama kwa macho makavu kabisa.

"Barua gani, shemeji?"

Seremala alishusha pumzi, akaenda kumsifia mkewe uzi.

Shangazi aliaga na kutembea taratibu hadi nyumbani, midomo ameibana. Alipofunga mlango ndipo kicheko kilipomtoka, akashika ukuta asianguke. Mpwa wake, aliyekuja kupima chumba, akatokeza kichwa.

"Shangazi, kuna nini?"

"Hamna kitu, mwanangu," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Lete kitanda chako. Chumba kiko wazi."