Gari Lililompeleka Mama Pasaka

Kwenye matanga ya dada yangu Scholastika watu walizungumza sana kuhusu kabichi zake. Ni haki yao. Nusu ya kijiji chetu cha Nyandira iliuza mboga kupitia mikono yake, na wenye malori ya Kariakoo walimfuata hukuhuku mlimani. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wenzangu, nasikiliza, na moyoni nikaona wamesahau jambo moja kubwa. Nimeiomba jumuiya yetu nafasi ya kuliandika, kwa kuwa Bwana ameshamwita, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujisema.

Dada alikuwa kifungua mimba wa mama yetu, Felista. Dada aliishia darasa la saba. Mimi ndiye niliyesoma Kilakala hadi kidato cha nne, na sketi yangu ya shule ilitoka kwenye kabichi hizohizo. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo dada alizoea kuamua.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani ukisikia mlio wa gari huku kwetu ulijua ni la serikali au la misheni. Ghafla magari yaliyotumika Japani yakaanza kushushwa bandarini Dar es Salaam, na mtu wa kawaida mwenye akiba yake akaweza kwenda yadi na kuchagua kama anavyochagua nyanya. Dada akasema atanunua gari. Ukoo mzima ulifurahi, mpaka aliposema anataka la namna gani.

Lazima nieleze habari ya mama. Nyumba yetu iko juu kabisa, kwenye njia inayopanda kutoka barabarani, ikikata kona palipo na mwamba mkubwa upande mmoja na korongo upande wa pili, kisha ikipita katikati ya matuta ya ngazi ya mashamba yetu. Miguu ya mama ilikuwa imeisha. Nyumbani alitembea kwa kushika kuta, lakini kuteremka hadi kanisani hakuweza tena. Wagonjwa wa kwetu hubebwa kwa machela, miti miwili na blanketi, vijana wanaweka mabegani. Mama alikataa katakata. Alisema, "Kwenye machela nitapanda siku moja tu, na siku hiyo sitajua nani amenibeba."

Basi katekista alimletea Komunyo nyumbani. Mama alipokea kwa heshima na kushukuru. Lakini Pasaka kengele zilipolia kule chini alikuwa anavaa kitenge chake kizuri, anakaa mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka watu waanze kurudi. Dada aliona hayo mwaka baada ya mwaka. Gari alilitaka kwa ajili ya Pasaka ya mama.

Mjomba Dominiko, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo wetu, alitaka pikapu. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Pikapu hubeba magunia, hukodishwa, huingiza kitu. Dada alipomwambia anafikiria RAV4, lile gari fupi la milango mitatu lenye tairi la akiba mgongoni, mjomba alicheka hadi akatoa kofia.

"Skola, hilo ni gari la kubebea mkoba. Kabichi utaziweka wapi, mapajani?"

"Kabichi zina malori, mjomba. Mama hana."

Mjomba akasema mama naye atapanda pikapu. Dada akamkumbusha mwamba. Pikapu ni ndefu, kwenye kona ile haigeuki bila kukata matuta. Mjomba akajibu kwamba matuta yakatwe basi, ni ya ukoo wetu, nani atalalamika?

Aliyelalamika ni mama. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na ngazi zile ziliinuliwa na bibi zake kwa majembe ya mkono. Akasema kwa sauti ya chini kwamba shamba la bibi zake halitakatwa ili yeye apite. Baada ya hapo pikapu haikutajwa tena mbele yake, ingawa mjomba aliendelea kuitaja kilabuni.

Dada akamwendea Hatibu, fundi wa gereji mjini Morogoro, ambaye ndiye aliyemfundisha kuendesha. Hatibu alimweleza uzuri na ubaya, bila kumpaka mafuta. Gari hili linavuta miguu yote minne muda wote, alisema, huna haja ya kushuka kwenye tope kuunganisha magurudumu ya mbele kwa mkono. Ni jepesi, kona linakata vizuri, mafuta halinywi sana. Lakini tumbo lake liko chini kuliko la Land Rover, na halina ile gia ndogo ya kupandia milima mikali. Kwa hiyo mawe ya katikati ya njia yatolewe, na wewe upande taratibu, usisimame ovyo. Dada alirudi nyumbani akatoa mawe. Alikuwa na wenzake wa Wawata, chama cha akina mama Wakatoliki, wakiimba, na mimi nilikuwemo.

Kisha akakata mwanzi. Aliupima pale njia inapobana zaidi, kutoka kwenye mwamba hadi ukingoni mwa korongo, akaupunguza kidogo kwa usalama, akasafiri nao hadi Dar, umefungwa juu ya basi. Hatibu, aliyemsindikiza, alisema pale yadi vijana waliacha kazi. Kila gari dada alilisogelea, akalaza mwanzi mbele ya tairi, akatikisa kichwa au akaguna.

Kijana mmoja akamuuliza, "Mama, unapima gari au unapima jeneza?"

"Napima njia ya kwetu," dada akasema, "na wewe shika upande huo, usisimame kama nguzo."

Kijana akashika. Ndivyo lilivyopatikana gari la kijani, ambalo mwanzi ulilizidi kwa upana wa kiganja kila upande.

Lilipanda kwetu Jumamosi Kuu mchana. Njegere zilikuwa zinachumwa, na kila aliyekuwa kwenye ngazi aliinua mgongo kutazama. Dada aliendesha mwenyewe, Hatibu akitangulia kwa miguu na kumwelekeza kwa mikono. Walipofika kwenye mwamba likasimama. Kioo cha pembeni kilikuwa kimegusa jiwe. Dada alipima kwenye matairi, na masikio ya gari hakuyahesabu.

Mjomba Dominiko alikuwa juu kidogo, ameegemea jembe. Akawaambia watu kwamba sasa gari limepata shamba, lipandiwe maharage. Watu walicheka. Nilimwona dada kupitia dirishani, uso umemshuka, ameshika usukani kwa mikono miwili. Alijua mama yuko mlangoni na anaona yote. Moyoni nikaanza Salamu Maria.

 Hatibu alikuja, akakibonyeza kioo kikajikunja kama sikio la mbuzi, akazunguka kwa tahadhari upande wa korongo, akakunja na cha pili. Akarudi mbele, akaita kwa mkono. Dada akaangua kicheko mwenyewe, kile kicheko chake cha sokoni, na gari likapita.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi njia ilikuwa tope jekundu, na mjomba alifika amevaa koti lake la sikukuu, akiwa na sababu nyingi za kusubiri jua. Mama alikuwa tayari amevaa kitenge. Alilitazama gari muda mrefu.

"Skola, hii si machela tu yenye paa?"

"Machela mtu analazwa, mama. Humu utakaa mbele, wewe ndiye utaniambia tope liko wapi. Njia hii unaijua kuliko mimi."

 Mama akaomba ushikiliwe mlango, siyo yeye. Akapanda mwenyewe, kidogo kidogo, nasi tukasimama tukitazama pembeni ili asione tunavyohangaika. Mimi na mjomba tukajipenyeza nyuma, maana gari lile halina mlango wa nyuma wa abiria, na koti la mjomba lilikwama kwenye kiti. Hakulalamika.

Kwenye mteremko matairi yaliteleza mara moja, nikasikia gari likijishika, miguu yote minne, kama mbuzi anavyojishika. Mama alikuwa ananyoosha kidole: kushoto, sasa katikati, hapo polepole. Dada alitii kila neno. Kwenye mwamba mjomba mwenyewe ndiye aliyekumbusha vioo, na hadi tunafika barabarani alikuwa anatueleza kwa nini pikapu isingefaa.

Kanisa lilikuwa limejaa. Wanawake wa benchi la mama walisogea bila kuambiwa, nafasi ikapatikana palepale alipokaa tangu usichana wake. Aliimba Aleluya kwa sauti ambayo mimi nilidhani imekwisha. Mungu anisamehe, mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa namtazama dada yangu, mwenye tope hadi kwenye pindo la gauni, na nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote hadi leo ninapomlilia.

Wakati wa Komunyo padri alimwona mama, akaanza kuteremka ngazi za altare ili amletee pale alipokaa. Mama akainua mkono kumzuia. Akashika benchi la mbele, akasimama, akaingia kwenye mstari nyuma ya watu wengine. Dada akasimama nyuma yake, mikono ameitanguliza karibu na mgongo wa mama, bila kumgusa, na mstari ukasogea.