Mechi Iliyoamuliwa Mezani

Rasmi, mechi yetu na timu ya Mtinko iliisha tatu bila, na sisi ndio tuliofungwa. Mimi nilikuwa kapteni siku hiyo. Nilikuwa uwanjani tangu filimbi ya kwanza, na nakwambia hakuna binadamu aliyeyaona hayo matatu. Tulichokiona kijijini kwetu Iguguno alasiri ile ni magoli kumi, matano huku na matano kule, na shemeji yangu amelala kwenye vumbi mguu umevunjika. Hayo mengine yaliandikwa mjini, na watu waliokaa kwenye viti.

Ligi yenyewe ni ya ngazi ya chini, ile isiyotajwa redioni. Wachezaji ni wakulima wa alizeti, mafundi, waendesha bodaboda. Mimi kazi yangu ni kwenye mashine ya kukamua mafuta, na siku za mazoezi nilikuwa natoka kazini nanuka mashudu mpaka wenzangu wanakataa kunikaba. Jezi tulikuwa nazo seti moja. Njumu tuliazimana, na wengine walicheza na raba. Hatukulalamika. Mpira tuliupenda, na tulijua tulikotoka.

Kipa wetu alikuwa mume wa dada yangu. Mrefu, mpole, mtu wa kulima vitunguu bondeni na kuimba kwaya Jumapili, lakini akisimama golini anabadilika. Alikuwa akipiga kelele kupanga mabeki mpaka sauti inakauka. Dada yangu hakukosa mechi hata moja. Alisimama nyuma ya goli la mumewe na wanawake wenzake, na ukikosea pasi unasikia jina la ukoo wako likitukanwa kwa Kinyiramba.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Anayeijua Singida anajua upepo wake: unaanza asubuhi, na kufika alasiri unaokota vumbi lote la uwanja na kulipeleka upande mmoja. Tuliposhinda kura nilichagua kupiga na upepo mgongoni. Kipindi cha kwanza tukawashambulia kweli kweli. Winga wetu alipiga krosi, upepo ukaichukua, ikaingia moja kwa moja. Kipa wao akapiga goli kiki, mpira ukaenda juu, ukasita, ukarudi nyuma yake kama uliovutwa na kamba, mshambuliaji wetu akamalizia kwa kichwa. Tukaenda mapumziko tukiwa tunaongoza nne kwa moja, na watu walikuwa wameanza kuimba.

Shemeji yangu hakuimba. Alikunywa maji, akatutazama, akasema, "Jamani, sasa upepo ni wao. Msirudi nyuma wote, mtaniziba."

Alisema kweli. Kipindi cha pili Mtinko walipiga mashuti kutoka popote. Nne kwa mbili. Nne kwa tatu, kona iliyopinda. Sisi tukapata penalti, nikapiga mimi, tano kwa tatu, nikadhani imeisha. Haikuisha. Wakapata la nne, halafu kapteni wao, kijana mwalimu wa shule ya msingi, akapiga faulo kutoka karibu na katikati ya uwanja, na mpira ukazama kwenye kona ya juu. Tano kwa tano. Hata wanawake wa upande wetu walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni goli la nani.

Sijawahi kuona watu wamesimama vile. Waliokuwa wamekaa juu ya matofali ya shule walisimama. Madereva wa malori waliegesha barabarani wakaja kuangalia. Nakumbuka nilifurahi kabisa, pamoja na kwamba tulikuwa tumerudishiwa magoli, kwa sababu nilijua watu hawa wataisimulia mechi hii miaka mingi.

Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi mpira mrefu ulipopigwa kwenye eneo letu. Shemeji yangu akatoka, mshambuliaji wao akateleza, wote wakaufuata mpira uleule. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hilo nalisema mbele ya yeyote. Nilisikia mlio. Nilidhani ni kitu kimevunjika nje ya uwanja, ubao au tawi. Kisha nikamwona mshambuliaji wa Mtinko ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, analia, na shemeji yangu ameutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Chini ya goti ulikuwa umeelekea pembeni.

Refa akasimamisha mchezo. Nikaita huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza ilikuwa ni mzee mmoja wa kamati yetu mwenye chupa ya maji na kopo la dawa ya kupuliza, na alipobonyeza likatoa hewa tupu.

Pembeni ya uwanja lilikuwepo gari. Moja tu. Gari jeupe, kubwa, limekuja na kiongozi wa kamati ya mashindano kutoka mjini, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya turubai tulilomfungia wenyewe asichomwe na jua. Nilimkimbilia. Nikainama, maana ni mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Tunaomba gari, kipa amevunjika, tumwahishe hospitali."

"Marahaba. Poleni sana. Hamna gari la wagonjwa?"

"Hamna, mzee."

"Kanuni inasema timu mwenyeji iandae usafiri wa dharura."

"Mzee, tunajua. Ila mtu anaumia pale."

Akatazama saa yake. "Hili gari ni la kazi, kijana. Na mimi nina kikao mjini baada ya hapa."

Mjini! Huko huko iliko hospitali. Barabara ileile. Nilimwambia hivyo, nikamwambia atalala kiti cha nyuma, hatutaomba kitu kingine. Dereva wake alikuwa ameshasimama na funguo mkononi, anangoja neno moja tu. Kiongozi akasema, "Mguu una damu ule," akageukia upande mwingine kuongea na mwenzake. Dereva akarudisha funguo mfukoni. Sikumlaumu dereva, alikuwa na bosi.

Tukang'oa mlango wa kibanda cha chipsi, mwenye kibanda mwenyewe akitusaidia kwa bisibisi. Tukamlaza shemeji juu yake, tukamfunga mguu kwa kanga ya dada yangu na vipande viwili vya mti. Dada hakulia. Alitembea pembeni ya mlango ule ameshika kichwa cha mumewe, anamwambia, "Niangalie mimi. Usiangalie chini." Wachezaji wa Mtinko walibeba upande mmoja, sisi upande mwingine, mpaka barabara kuu. Fuso la vitunguu lilikuwa linaelekea Singida. Dereva hakuuliza kitu, alishuka akapanga magunia, tukampandisha juu. Mimi na dada na mabeki wawili tukapanda naye, tukashika mlango usitikisike kwenye matuta. Kila tuta alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo.

Tulipokuwa bado hatujafika mjini, gari jeupe likatupita. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Alipokewa, akafungwa plasta baada ya kungoja sana. Kesho yake ndipo niliposikia kilichotokea uwanjani. Refa alikuwa amesubiri, lakini wenzetu waliobaki hawakufika idadi ya kuendelea, wengine tulikuwa kwenye fuso, wengine walikuwa bado barabarani. Kiongozi akamwambia apulize filimbi na kuondoka. Na baada ya muda tukaitwa mjini kwenye shauri: timu yetu ilituhumiwa kutoka uwanjani kabla mchezo haujaisha.

Nilikwenda na mwenyekiti wetu. Chumba kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, na kila mjumbe mbele yake chupa ya maji. Yule kiongozi alikuwa katikati. Nilieleza kila kitu. Nilieleza mguu, mlango, fuso. Walinisikiliza kwa adabu, wakitikisa kichwa kwenye sehemu za huzuni. Kisha mmoja akasoma kanuni: timu itakayoondoka uwanjani bila idhini itapoteza mchezo kwa magoli matatu na pointi zote.

"Idhini ya nani?" nikauliza. "Nilimwomba mzee huyu hapa gari. Alijua tunakwenda wapi."

"Uliomba gari," kiongozi akasema. "Hukuomba kuondoka."

Kumbe kuna tofauti! Kabla sijafungua mdomo, kapteni wa Mtinko, yule mwalimu, aliyekuwa ameitwa kama shahidi, akasimama.

"Samahani waheshimiwa. Sisi hatukuwafunga hawa tatu bila. Ni tano kwa tano. Hizi pointi hatuzitaki."

"Keti, mwalimu. Pointi haziombwi wala hazikataliwi. Zinatolewa."

"Basi mnatupa kitu ambacho si chetu."

"Nimesema keti."

Hakuketi. Alichukua kofia yake akatoka nje, na mimi nikamfuata, na mwenyekiti wetu akabaki peke yake kuwaaga kwa heshima ambayo hawakustahili.

Tulikaa kwa mama mmoja auzaye chai ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikuwa na hasira kuliko mimi. Alikoroga chai muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kapteni, zilibaki dakika ngapi?"

"Refa alisema kama kumi."

"Tuje tuzimalize."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumapili moja baada ya ibada Mtinko walikuja wote, wamebanana kwenye pikapu ya mjomba wa mmoja wao, wamevaa jezi zilezile. Hatukutangaza, lakini uwanja ulijaa. Refa naye alikuja kwa baiskeli, amevaa shati la kawaida, akasema kama tunaruhusu atasimama katikati. Shemeji yangu alitolewa nyumbani na kuwekwa kwenye kiti nyuma ya goli, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mshambuliaji aliyegongana naye alikwenda moja kwa moja pale, akapiga magoti. Shemeji akamshika bega akasema, "Ulikuwa mpira wako na wangu. Kacheze."

Kipa mwingine hatukuwa naye. Niliingia golini mimi, na glavu za shemeji zikinipwaya. Tulianza kwa mpira wa kudondosha, tano kwa tano, dakika kumi, upepo upande wao kama siku ile.

Walitufunga. Ilikuwa shuti la mbali, nikalipigia hesabu vibaya, likapaa halafu likashuka nyuma yangu. Nikasikia shemeji nyuma yangu akisema, "Ungebaki kwenye mstari." Sita kwa tano. Tulishambulia mpaka mwisho, tukagonga mwamba, refa akapuliza. Na nilipoteza mechi ile nikiwa na amani, kwa sababu nilifungwa na watu waliopiga mpira. Tulikula pamoja wali na maharage nyumbani kwa dada yangu, tukiwa hatuna nafasi ya kukaa.

Unadhani kamati iliona aibu? Ilitupa onyo, timu zote mbili, kwa kucheza mchezo usio na kibali. Barua ya kutuuliza hali ya mgonjwa hatukupata. Simu hatukupata. Mtinko wakasonga mbele kwa pointi za mezani, wakatolewa hatua iliyofuata kwenye uwanja ambao, mwalimu aliniambia, nao haukuwa na machela.

Mguu uliunga, ila umepinda. Shemeji anatembea, lakini bondeni hawezi kuinama muda mrefu, na sasa anayepalilia vitunguu ni dada yangu. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye tuta, jembe magotini. Nikampa pole. Akaniambia, "Usinipe pole. Waambie wale."

Nimewaambia, na si mimi peke yangu. Msimu huu watu wa kamati walipokuja kijijini kuhamasisha timu zijisajili, dada mwenyewe alisimama mkutanoni akauliza kama gari la wagonjwa litakuwepo safari hii. Akajibiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Vijana wetu walijisajili siku hiyohiyo. Wana miaka ya kucheza, na hakuna ligi nyingine ya kuwapokea.

Mimi nimeacha kucheza, ila kila mechi ya nyumbani nafika kabla ya timu. Kabla ya mechi ya mwisho nilitembea mpaka kwenye duara la katikati, nikasimama, nikamwambia refa sitoki mpaka nione gari moja ambalo dereva wake amekubali, mbele ya watu wote, kubeba atakayeumia. Wageni walinizomea. Mashabiki wetu wenyewe walinizomea, wakaniita mkorofi, mzee wa kuchelewesha. Mjumbe wa kamati alinijia akaninong'oneza kwamba naharibu taswira ya mchezo. Nikamwambia aongee kwa sauti, wasikie wote. Akageuka akarudi pembeni. Jua lilikuwa kali, na nilisimama pale nikijisikia mjinga, mpaka mwenye Noah moja, mfanyabiashara wa alizeti aliyekuwa akipita, akafungua mlango wa nyuma akasema, "Jamani, niko hapa mpaka mwisho. Chezeni."

Ndipo nikatoka uwanjani.