Tarumbeta la Baba, Sauti ya Mama

Baba aliacha kupiga tarumbeta wiki ile tuliyomzika mama. Alilifuta kwa kitambaa, akalirudisha kanisani Kilosa, akalikabidhi bila maelezo. Nilikuwa darasa la sita. Kabla ya hapo, kila jioni akitoka karakana ya reli, alikaa kibarazani akapiga wimbo mmoja wa kwao, ambao babu alikuja nao enzi za kukata mkonge. Mama alikuwa akichambua mchele huku akimfuata kwa sauti ya pili. Hawakutazamana. Mimi nilidhani kila nyumba ina wimbo wake namna hiyo.

Nilipokuwa mtu mzima, reli ilipunguza wafanyakazi. Baba naye alipunguzwa, akaenda kulima mpunga Tindiga, hukohuko Kilosa. Mimi nilikuwa nimepata kazi Mikumi, kwenye duka la kuchapa barua kando ya barabara kuu. Bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, na kila mwenye mtaji alijaribu biashara mpya. Tajiri wangu alileta kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Ndani yake tulikuta programu ya kuandikia muziki, imeachwa na mwenyewe wa kwanza. Fundi alitaka kuifuta, nikamwomba aiache. Mchana, wateja wakipungua, nilijifunza kupanga nota kwenye mistari, nikabonyeza, kompyuta ikazipiga.

Nilichokitaka ni wimbo ule tu. Nilijaribu kuuandika peke yangu, kila mara nikaishia katikati. Mwisho nikamtuma dereva wa basi la Kilosa amwambie baba namhitaji.

Alikuja Jumamosi na mchele kwenye kifuko. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukala, ndipo nikamwambia nilichomwitia. Alisogeza sahani kando. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya meza, akawa anavibonyeza kana kwamba tarumbeta liko mkononi, huku akinitajia nota moja moja kama alivyofundishwa kanisani. Palipompotea alifumba macho, akaviacha vidole vitangulie.

Nilipomaliza nikabonyeza. Alisikiliza wimbo wote, akatikisa kichwa.

"Nota ndizo," alisema. "Lakini sauti imepanda. Hapo mama yako asingefika."

Akanieleza kwamba tarumbeta lake halikusema sawa na kinanda. Ukisoma do na kuipuliza, sauti inayotoka iko toni nzima chini ya do ya kinanda. Kompyuta ilikuwa imepiga maneno yake kama yalivyo, bila kujua kwamba anasema kitarumbeta.

Nilitaka kuandika upya nota zote, akanizuia. Alisema hivyo ndivyo alivyozisoma maisha yake yote na angependa zibaki hivyo. Nikaanza kutafuta kwenye mipangilio ya ala, baba amekaa kando yangu akisubiri bila kuuliza. Kwa bahati nikapata mahali pa kushusha sauti wakati wa kupiga tu. Nikashusha nusu toni mbili. Karatasini hakuna nota iliyosogea. Nikabonyeza tena.

Safari hii niliutambua mara moja. Sauti ilikuwa ya mashine, nyembamba, haina pumzi, lakini ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa ikikaa nyumbani kwetu.

Ndipo baba akaanza kuimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Wala hakuufuata wimbo wake; aliimba sauti ya pili, sehemu ya mama, kwa koo lake nene, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake. Nikaiandika chini ya mstari wa tarumbeta haraka iwezekanavyo, nikimrudisha nyuma kila niliposhindwa. Tulikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, wimbo unapopanda. Hapo akanyamaza.

"Hapa hukumbuki?" nilimuuliza.

"Hapa nilikuwa napuliza kwa nguvu, mwanangu," alisema. "Sikumsikia."

Akaniuliza kama ile mashine inaweza kupunguza tarumbeta mahali pale. Nikapunguza hadi likawa halisikiki, nikaupiga wimbo tangu mwanzo. Ulipofika pale ukawa kimya, ni malori tu ya Iringa yaliyokuwa yakipita nje. Baba aliinamisha kichwa, akakisogeza karibu na spika. Akaomba nirudie. Nikarudia.

Alirudi Kilosa kesho yake na basi la asubuhi. Baadaye, kila nilipokwenda nyumbani, niliwauliza akina mama walioimba kwaya na mama. Walikumbuka nyimbo za kanisani, wakaniimbia sehemu yake bila kukosea. Wimbo wa kibarazani hakuna aliyeujua. Nimejaribu kupajaza mwenyewe pale palipobaki wazi, na kila ninachoandika kinapatana vizuri na tarumbeta. Nakisikiliza, kisha nakifuta, kwa sababu sauti ile si yake.