Kuangalia Mihogo

Mwaka jana nilirudi Mpofi kumzika nyanya yangu, Koko, kama tulivyomwita. Kutoka Goma unapita Mubambiro na Sake, unapanda milima ya Masisi, kisha pikipiki inahangaika nawe kwenye tope mpaka kiuno kinauma. Asubuhi baada ya maziko, watu wakinywa chai ya matanga, nilitaka kuwa peke yangu. Neno likanitoka lenyewe: "Ninaenda kuangalia mihogo."

Baba akaweka kikombe chini, akanitazama.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, maana kwetu mihogo haihitaji kuangaliwa. Inajiotea. Hiyo ilikuwa lugha yangu na Koko. Nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumamosi tukimaliza kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, alisema hivyo kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Tulibeba kikapu na jembe kwa kudanganya macho ya watu, tukakata njia ya msituni hadi kwenye kidimbwi kirefu cha mto chini ya mwamba mweusi. Huko tulikuwa tumeficha fito zetu za mwanzi na uzi wa nailoni. Minyoo tuliiweka katika mkebe wa tomati. Hatukwenda kutafuta kitoweo. Samaki Koko aliwarudisha majini, hata kambale mnene, na mimi nameza mate. Mmoja tu tulimfunga katika majani ya ndizi, tukamchoma palepale kwa chumvi na pilipili, kisha tukasugua mikono kwa mchanga ili harufu isituseme.

"Kule nyumbani kila muntu ananituma," alikuwa akisema, miguu yake ndani ya maji. "Hapa hakuna mwenye kunituma." Halafu ananigeukia. "Hapa ni kwetu sisi wawili. Sijaleta muntu mwingine hata siku moja. Usimwambie hata papa yako."

Nilimwamini. Katika nyumba ya watoto wanane sikuwa na sahani yangu wala blanketi langu, lakini kidimbwi kilikuwa changu.

Jumamosi moja mvua ilitukamata, mto ukajaa, tukachelewa. Baba alikuwa mlangoni. "Mulikuwa wapi?" Nikajibu kwamba tulienda kuangalia mihogo. Akakata fimbo. Aliuliza tena, nikajibu vilevile, na kila niliporudia neno lile alizidisha. Koko alikaa jikoni akimenya ndizi, hakuinua kichwa. Nilimwonea huruma, unaona ujinga wangu? Nikakaza meno kwa ajili yake. Tangu siku ile hakunipeleka tena, na nilidhani ananilinda.

Sasa, asubuhi ile ya chai ya matanga, baba, mzee anayetembea kwa mkongojo, akanifuata. Sikumwonyesha njia. Yeye ndiye aliyetangulia, akakata kona bila kuuliza, akashuka hadi kwenye mwamba na kukaa mahali pangu.

"Aliniambia ni sisi wawili tu," akasema.

"Hata mimi, Papa."

Akachomeka mkongojo mchangani. "Ile siku ya mvua ndiyo nilijua. Ulisema lile neno, na mimi nilifikiri ni langu. Nilikupiga wewe kwa sababu mama yangu singeweza kumupiga."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia zaidi Koko, aliyenisikia nikilia na kuendelea kumenya ndizi zake. Mfukoni nilikuwa na ndoano mpya niliyoinunua Goma, lakini hapakuwa na pa kuitupa. Wachimba dhahabu huko juu wameugeuza mto rangi ya chai ya maziwa, mchanga umejaa, maji hayafiki magotini. Tulikaa pale baba na mwana, tukigombania moyoni mahali ambapo hata hapapo tena. Nilitaka Koko arudi kwa dakika moja tu, nimuulize kwa nini.

Tuliporudi, dada mdogo wa baba alikuwa amefika kutoka Burungu na kuingia jikoni kumenya ndizi za wageni. Akatusalimia, akauliza tumetoka wapi.

"Kuangalia mihogo," baba akajibu kwa mazoea.

Shangazi akaacha kumenya. Alimtazama baba, akanitazama mimi.

"Ni nani aliwaambia lile neno?" akauliza.